Bibi Aliyetaka Tupimwe

Mama mzaa baba nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nina mume na watoto wawili. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu ya mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, mabega yamelowa mvua, redio ndogo ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuikumbatia kifuani. Neno la kwanza alilonitamkia lilikuwa la kumshitaki dereva.

"Huyu mutoto anaendesha sawa mutu anakimbia polisi," alisema. Kisha akakohoa, akakohoa sana, mpaka baba mdogo aliyemleta akamshika kiuno asianguke.

Mimi nilijua yeye ni nani. Yeye hakujua mimi ni nani. Hivyo ndivyo baba mdogo alivyopanga, nami nilikubali.

Baba yangu alikuwa kijana wa Bule, mtoto wa wakulima wa maharage na viazi, aliyeacha jembe akaenda kuchimba dhahabu Bambu. Huko alimkuta mama yangu, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Hawakukaa pamoja hata mwaka mzima. Mimba yangu ilipokuwa na miezi sita, shimo liliporomoka. Walikuwamo wanne, akatoka mmoja. Baba hakuwa huyo, na mwili wake haukupatikana. Nilipofikisha miezi mitatu, mama alinifunga mgongoni akapanda hadi Bule ili wakwe zake wanione. Bibi alimpokea uani, mbele ya majirani. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema mwanawe hakuwahi kutaja habari ya mke. Akasema wachimbaji huacha watoto kwenye kila shimo, na mwanamke mjanja humtafutia mtoto wake baba aliyekufa, kwa sababu aliyekufa habishi.

Neno hilo la mwisho mama aliniambia mara moja tu, nilipokuwa na miaka kumi na mitano, tukiwa tunaparua samaki magamba. Alilisema bila machozi, kama mtu anayetaja mtaa anakokaa.

Kutoka Bule mama alishuka Bunia, akaanza kuuza samaki wa ziwani wanaoletwa kwa njia ya Bogoro. Samaki hao ndio walionisomesha. Siku hizi nina kibanda cha kuandikia watu barua, karibu na ofisi za serikali: kompyuta moja, mashine ya fotokopi, na benchi la wateja. Ninaandika maombi ya kazi, matangazo ya msiba, hati za kuthibitisha hiki na kile. Maisha yangu yote ya kazi nimeyapitisha katikati ya karatasi.

Baba mdogo tulijuana nikiwa sekondari. Alikuwa akileta maharage sokoni, akamuulizia mama mpaka akampata, akaomba radhi kwa nafsi yake mwenyewe, maana hakuwa ametumwa na mtu. Mama alimpenda, lakini kwao Bule hakuthubutu kutuzungumzia. Vita vilipowatoa Bule, ukoo mzima uliangukia kwenye kambi ya watu waliokimbia, hapa pembeni ya mji. Mvua za mwezi ule zilikuwa zinapenya kwenye mahema. Baba mdogo alikuja kibandani, akasimama nyuma ya wateja mpaka wote wakaisha.

"Mutoto yangu, mama ataishia mu baridi ile," alisema. "Nitamwambia weye ni mama wa kanisa, unapokeaka wazee. Akipona, namurudisha."

"Na akiniuliza jina la baba yangu?"

"Hataulizaka. Yeye anaulizaka tu kama mboga iko na chumvi."

Na kweli aliuliza chumvi. Hapa Bunia bibi tunamwita koko, na hata mgeni mzee kiasi hicho ungemwita hivyo hivyo, kwa hiyo jina halikunipa shida. Nilimpeleka kwenye kituo cha afya, akapewa dawa, na juma la pili kikohozi kikalegea. Hapo nikaanza kumjua. Sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo, alisema haikutwangwa, ilitishwa tu. Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, aliambiwa kwamba milango anayotengeneza ni mizuri lakini inapiga kelele kama mbuzi. Koko hakupenda kubaki nyumbani peke yake, akawa anakuja nami kibandani. Alikaa mwisho wa benchi na redio yake akasimamia foleni bila kuombwa.

"Weye, baba wa kofia, ulikuja nyuma ya huyu mama. Mi niko naona."

Wateja walimpenda. Nami, bila kutaka, nikaanza kumpenda. Nilikuwa nikichapa barua huku nimemtupia jicho: vidole vyake, masikio yake, namna alivyokunja miguu. Nilikuwa natafuta kitu sijui kipi. Mama sikumwambia, na hilo ni kosa langu, silikatai.

Mama hana desturi ya kupiga simu kabla ya kuja. Jumamosi moja aliingia uani na beseni la samaki kichwani, akamkuta koko amekaa mkekani anachambua maharage. Mama alisimama palepale. Beseni halikutikisika. Koko alikuwa amepoteza meno ya mbele, amepungua mwili, lakini mama alimtambua kabla hajainua uso.

"Huyu anafanya nini hapa?" aliniuliza mimi.

"Mama, kaa kwanza nikueleze."

"Sikuulize habari yake. Habari yake naijua. Nauliza anafanya nini mu nyumba ya mutoto yangu."

Koko alimtazama muda mrefu. Mkono wake ulibaki ndani ya maharage.

"Ni weye," alisema polepole. "Weye wa Bambu. Ulikuja na mutoto mu mugongo."

"Mutoto njo huyu," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Njo anakupikiaka."

Alishusha beseni, akaliweka chini taratibu ili samaki wasiguse vumbi, akatoka. Nilimkimbilia hadi barabarani. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba yule mzee akiwa ndani, yeye hataingia, na kwamba samaki niwale siku ileile kwa sababu joto lilikuwa kali.

Chakula cha jioni koko alikikataa. Nilifikiri ni hasira, kumbe alikuwa amekaa mchana kutwa anapiga hesabu za moyo wake.

"Weka sahani chini, ukae," aliniambia. "Kama weye ni mujukuu yangu, basi majuma tatu hizi nimekula jasho ya mutoto nilimufukuza. Kama weye siyo mujukuu yangu, nimekula bure chakula ya mutu mwingine. Yote mbili haipite mu koo."

"Koko, kula tu. Hakuna anayekudai."

"Mi najidai mwenyewe."

Akaivuta redio yake karibu, akaipigapiga mgongoni kama mtu anayemtambulisha shahidi. "Juzi dokta alisema mu redio. Baba akikuwa alikufa, wanaweza kupima mama yake na ule mutoto. Wanachukua mate. Wanaita ADN. Mate haisemake uongo. Unipeleke."

Jambo lile la kupima vinasaba liliniudhi kuliko nilivyoonyesha. Mama yangu alikuwa amepanda mlima ule na mtoto mgongoni, akasimulia ukweli kwa kinywa chake, akakataliwa. Sasa mate yaaminiwe? Nilimwambia mume wangu, akaniambia kitu cha busara, ingawa alikisema huku anatafuta kifutio cha miwani yake.

"Kama weye unataka, twende. Kama ni yeye tu anataka, abaki na mashaka yake."

Nilijiuliza siku mbili, nikakuta kwamba nilitaka. Sikuwahi kuona picha ya baba yangu, kwa kuwa haikuwapo. Nilichokuwa nacho ni shimo la Bambu na watu wanne. Na humo nyumbani mwangu alikaa mtu aliyemjua tangu siku ya kuzaliwa. Nilikuwa nimekwisha kumjaribu koko.

"Mwanao yule aliyekufa," nilimuuliza mara moja, tukipika, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Alitikisa kichwa. "Ile ni habari ya wenyewe. Tungoje mate."

Basi tukaenda. Kuna zahanati moja mjini ambayo huchukua mate na kuyatuma kwenye maabara kubwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Gharama yake ilitutoa jasho, baba mdogo akatusaidia. Mtu wa maabara alikuwa kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Baba iko wapi?" aliuliza, akiwa tayari kuandika.

"Mu udongo ya Bambu," koko akajibu kabla yangu.

Kijana aliweka kalamu chini. Alituuliza kama kuna mfupa, nywele, chochote cha marehemu kilichobaki hospitalini. Hakuna. Hapo akageuza karatasi akatuchorea upande wa nyuma. Mwanamume, alisema, ana kitu kimoja kiitwacho X, na hicho alipewa na mama yake peke yake, baba yake hana mkono humo. Akizaa mtoto wa kike, humpa hicho hicho.

"Kwa hiyo, koko, kama huyu dada ni damu ya mutoto yako, ndani yake kuna kitu yako weye, ilipita tu kwa mutoto yako kama mu mulango. Tutaitafuta. Lakini angekuwa mwanaume, kipimo hiki hakingefaa. Mvulana baba yake humpa Y, hampi X. Hapo tungepima na baba yake mudogo."

Koko aliitazama ile michoro kwa makini. "Siku ile nilisema," akaanza, kisha akamaliza kwa sauti ndogo, "nilisema hata angekuwa wetu, ni musichana tu."

Kijana alivaa glavu. Akatoa kijiti chenye pamba. Kumbe koko alikuwa na kipande cha muwa mdomoni, na sharti ni kukaa nusu saa bila kula chochote, kwa hiyo tukakaa nusu saa kwenye benchi, yeye amefunga mdomo kwa nguvu, asimeze hata neno. Ndiyo nusu saa pekee niliyopata kumwona amenyamaza. Kisha pamba ikasuguliwa ndani ya mashavu yake, halafu ndani ya yangu. Akatia dole gumba kwenye fomu.

"Kungekuwa na mate ya mama yako," kijana aliniambia, "tungeona wazi kabisa ipi imetoka kwa mama, ipi kwa baba."

Nilijua hilo litakuwa zito. Nilimfuata mama sokoni nikamwambia. Aliendelea kupanga samaki wake kwa ukubwa.

"Mimi nipimwe? Mimi? Mimi nilikuwako. Hiyo mashine ilikuwako?"

"Hapana, mama."

"Basi iniulize, si mimi niiulize."

Sikusukuma. Nilimsaidia kupanga samaki, nikaondoka. Siku ya tatu alitokea kibandani, wakati ambao alijua koko amebaki nyumbani kufua. Akaniambia nifunge, twende huko kwenye vijiti. Tulipofika kwenye ngazi za zahanati akasimama.

"Sifanye ajili yake. Nafanya ajili yako weye, usizeeke na swali."

Mbele ya kijana wa maabara alipanua mdomo wote, akaonyesha meno yake ambayo hata leo hayana pengo. "Angalia muzuri," alimwambia. "Muongo haikuwake na meno kama hii." Kijana alicheka mpaka akaangusha kijiti, ikabidi afungue kingine.

Tuliambiwa tungoje majuma kadhaa. Nimengoja mengi maishani, lakini kungoja kule kulikuwa na namna yake. Koko aliamua kwamba mpaka jibu litoke, yeye ni mfanyakazi. Akala, lakini kila sahani aliilipia kwa kazi. Alifagia ua kabla jua halijachomoza vizuri. Alipukuchua mahindi ya jirani kwa makosa, akidhani ni yetu. Nilimkataza, akasema mgeni akikaa siku nyingi hupewa jembe, na yeye anajipa mwenyewe.

Siku moja mvua ilitukuta kibandani, tumebaki sisi wawili na mteja mmoja aliyetaka nimtolee fotokopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Alikuwa amekifunua kwa uangalifu mkubwa kutoka kwenye tabaka nne za plastiki, tukakuta ni risiti ya bati za nyumba. Cheti alikuwa amekiacha nyumbani. Alijicheka mwenyewe, nami nikacheka mpaka nikashika meza. Nilipofuta macho, koko alikuwa ananitazama.

"Na yeye alikuwa anachekaka vile," alisema. "Mabega kwanza, sauti nyuma."

Mara akaufunika mdomo kwa kitenge, kama mtu aliyetoa siri ya ukoo. Siku mbili hakusema nami ila ya lazima. Mimi nilijiangalia kwenye kioo nikijaribu kucheka, lakini kicheko cha kujilazimisha hakianzi mabegani.

Kadiri siku zilivyopita, ndivyo tulivyozidi kuogopa, na hakuna aliyetaka kusema. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, tukiwa tunaanua nguo.

"Mate ikisema hapana, utanirudisha kambini?"

"Nitakurudisha kikohozi kikiisha. Ndivyo tulivyopatana na baba mdogo."

"Kikohozi iliisha zamani."

"Mimi bado ninakisikia, koko."

Aliendelea kukunja shuka. Baada ya kidogo akakohoa, mara moja, kikohozi cha uongo kabisa.

Jibu lilikuja asubuhi ya Jumanne, kwa barua pepe. Umeme ulikuwapo, kwenye benchi kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyengoja nakala za kitambulisho chake. Niliifungua, nikaona kurasa tatu za Kifaransa na safu za namba, na mwishoni mstari mmoja mweusi. Niliusoma mara mbili. Nikaichapa, maana maishani mwangu kitu kisichochapwa sikiamini, na karatasi ilipotoka bado ina joto nikaenda nayo kwenye benchi.

"Inasema nini?" koko akauliza.

"Inasema ndiyo."

"Soma yote."

Nikamsomea yote, nikiigeuza kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Kwamba katika kila mahali walipopima, nusu yangu isiyotoka kwa mama ilikutwa kwa yule mzee. Kwamba uwezekano wa mimi kuwa binti wa mwanawe ulikuwa namba ndefu iliyokaribia kabisa mia. Aliipokea karatasi akaishika kichwa chini miguu juu, akapitisha kidole kwenye mistari. Mwalimu mstaafu aliona kilichokuwa kikitokea, akasema nakala zake atazifuata kesho.

"Basi nilimufukuza mutoto ya mutoto yangu," koko alisema. Machozi yalimtoka bila sauti, yakafuata mikunjo ya uso. Nilikaa karibu naye. Nikaweka kichwa begani kwake, bega la mfupa mtupu lenye harufu ya moshi na sabuni, na yeye akaniwekea mkono shavuni, palepale kijiti kilipopita.

Kesho yake ua haukufagiwa. Nilimkuta amekaa mkekani, miguu ameinyoosha.

"Koko, unaumwa?"

"Naumwa nini? Hii ni nyumba ya mujukuu yangu. Leta chai. Na sukari usiibe."

Na habari zikafunguka. Baba yangu aliogopa mabata. Aliimba vibaya kanisani lakini kwa sauti kubwa, mpaka mchungaji akampa kazi ya mlango. Aliwahi kupanda viazi juu chini kwa kushindana na mdogo wake, vikaota vizuri kuliko vyote. Nilikuwa nasikiliza huku nachapa, nikakosea barua za watu, nikazirudia bure.

Lakini kwa mama mambo hayakuwa yameisha. Koko mwenyewe alitaka kwenda, na karatasi ameikunja ndani ya kitenge. Nilimpeleka sokoni. Mama alituona tangu mbali, akaendelea kumhudumia mteja mpaka akamaliza. Koko alimpa ile karatasi kwa mikono miwili, amepinda magoti kama mtu anayesalimia mkubwa wake. Mama hakuipokea.

"Umeamini karatasi," alimwambia. Hakupaza sauti. "Mi nilikuletea mutoto mwenyewe, wa moto, anapumua. Ulimushika? Hukumushika. Karatasi umeishika."

"Ni kweli," koko alisema.

"Ulinikana mbele ya watu. Unakuja kuomba musamaha mu samaki?"

"Unataka nifanye nini, mutoto yangu?"

Mama alimwangalia kwa hilo neno, lakini hakulikataa. "Wale watu wa uani, wengine bado wako. Uwaambie."

Watu wa Bule waliobaki wako kambini. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada wanayoifanya chini ya turubai kubwa, koko aliomba nafasi. Baba mdogo alimsaidia kusimama juu ya kreti. Mimi nilikaa na wanawake.

"Mulinisikia wote siku nilimufukuza musichana wa Bambu," alisema. "Wengine mulikuwa mu uwanja yangu, mulikula chakula ya kilio yangu. Nilisema anamutafutia mutoto baba mu wafu. Nilisema uongo. Sikujua kama ni uongo, lakini sikutaka kujua, kwani nilikuwa na hasira ya kufiwa, na yeye njo alikuwa karibu. Mutoto njo ule pale. Anasoma, anaandika, ananilisha. Mulinisikia nikikana, sasa munisikie nikikubali."

Halafu bibi mmoja wa mstari wa mbele, mzee kuliko hata yeye, akasema kwa sauti, "Nakumbuka. Nilikuambia siku ile umupe hata maji." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha huzuni, na koko akajibu, "Uliniambia, ndiyo."

Nilipogeuka nilimwona mama. Alisimama nyuma kabisa, penye kamba za turubai, amevaa kitenge chake cha sherehe. Hakuwa ameniambia kwamba atakuja. Koko alishuka kwenye kreti, akatembea katikati ya watu mpaka alipo. Walichoambiana sikukisikia, na sijawauliza. Niliona tu mama akimrekebishia kilemba kilichoteleza.

Kurudi nyumbani walipanda pikipiki moja, koko katikati, mama nyuma amemkumbatia asidondoke. Mimi nilifuata na nyingine. Mbele yangu nilikuwa nasikia koko anamkaripia dereva, na mama naye, kwa mara ya kwanza, anamuunga mkono.

Mama akaanza kuja tena. Mwanzoni alikuja kwangu, siyo kwa koko. Alisalimia na kukaa upande wa jikoni. Siku moja koko alisogeza mkeka wake mpaka mlangoni pa jikoni, akamuuliza jambo ambalo kumbe lilikuwa limemkaa moyoni muda wote. Alitaka kujua mwaka ule wa mwisho. Mwanawe alipoondoka Bule alikuwa bado kijana wa kunyoa mara moja kwa mwezi. Alikula nini Bambu? Alilala wapi? Aliugua?

Mama alikuwa anakoroga ugali, hakuacha. Akamwambia kwamba alilala kwenye kibanda cha nyasi chenye mlango wa gunia. Kwamba aliugua malaria mara moja, akaita "mama" akiwa kwenye homa. Kwamba walikuwa wamepanga kupanda Bule wakati wa mavuno ya maharage, ili amtambulishe.

"Alikuwa amekununulia kitenge," mama alisema. "Alisema mama asipofurahia muke, atafurahia kitenge. Siku ile nilipokuja, njo nilikuwa nimemufunga mutoto nayo. Nilitaka nikupe weye mwenyewe mu mukono, nikimaliza kuongea."

Mimi nilikuwa na kisu na vitunguu mkononi. Habari hiyo sikuwahi kuisikia, katika miaka yote.

"Iko wapi?" koko akauliza.

"Iliisha. Nguo ya mutoto haidumu."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Na ndege manjano."

Koko alirudia hayo maneno kimyakimya, niliona midomo yake. Mama akaepua ugali, akamega tonge la kwanza, akaliweka kwenye sahani ya koko.

Bado anakaa kwetu. Baba mdogo alikuja kumchukua, kwa kutimiza ahadi tu, akaambiwa na mama yake arudi zake. Nyuma ya nyumba amelima kipande kidogo cha maharage ambacho mume wangu haruhusiwi kukikanyaga hata akifuata kuku. Mama huja Jumapili, na wakati mwingine katikati ya juma, samaki wakibaki. Wanabishana juu ya namna ya kukausha samaki, juu ya dawa ya minyoo, juu ya pua ya binti yangu mdogo imetoka upande gani. Juzi nilirudi kazini nikawakuta wamelala wote wawili mkekani, redio inazungumza peke yake habari za bei ya mahindi. Nikaipunguza sauti, nikaenda kuwasha moto.